Somo kwa Makatibu na Wanachama: Chai Baridi, Nyumbani na Mkutanoni



Somo la safari hii halihusu urari wala daftari la hisa. Linahusu kinywaji, na huenda baadhi yenu mkajiuliza mkaguzi wa ushirika ana shughuli gani na birika. Shughuli yenyewe ni hii. Kati ya Desemba na Machi, wakati kaskazi inapovuma, vyama vyetu vya tambarare hufanya mikutano inayoitishwa saa tatu asubuhi na kuanza saa tano. Wanachama huketi ghalani chini ya bati, au chini ya mwembe ambao kivuli chake huhama kila baada ya nusu saa. Ifikapo saa saba mtu mmoja huondoka kutafuta maji, wa pili humfuata, na wa kumi harudi tena. Nimesoma mihtasari mingi ambamo ajenda za mwisho, ambazo kwa desturi yetu ndizo makisio ya mwaka na ukomo wa madeni, zimeahirishwa kwa kuwa waliobaki hawakutimiza akidi inayotakiwa na masharti ya chama. Uamuzi uliopitishwa bila akidi si uamuzi, na mkutano wa marudio una gharama zake. Wakati huo huo msimu haungoji.

Dawa ya vyama vingi ni kununua makreti ya soda. Sisemi ni kosa, maadamu fedha hizo zimo katika makisio na stakabadhi zipo. Lakini mara nyingi hati ya malipo ya soda ndiyo inayoonekana nene kupita zote baada ya posho, na hali katika mkoa wetu wa Tanga tunaishi chini ya milima inayovunwa chai. Chai ilijaribiwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Wajerumani, na hadi leo Usambara ya Mashariki na ya Magharibi ni kijani kwa mashamba yake. Mkulima wa mlimani huchuma majani mawili na kichipukizi, kiwandani yananyaushwa, yanasagwa, yanaachwa yabadilike rangi kwa hewa na kukaushwa, na kwa kiasi cha kilo nne na nusu za majani mabichi hupatikana kilo moja tu ya chai kavu. Chai hiyo hiyo sisi wa tambarare tunainywa ya moto, jua likiwa utosini, kisha tunalalamika kwamba joto limezidi.

Kuinywa ikiwa baridi si jambo la ajabu wala si la kizungu tu. Husimuliwa kwamba chai ya barafu ilibuniwa na Richard Blechynden katika Maonyesho ya Dunia ya St. Louis, Marekani, mwaka 1904, alipokuwa akiitangaza chai ya India na watu wakaikataa kwa sababu ya joto. Ni hadithi nzuri, ila haisimami: kitabu cha mapishi cha Marion Cabell Tyree, kilichochapishwa huko huko Marekani mwaka 1879, tayari kilikuwa na maelekezo ya chai ya barafu. Kinachowezekana ni kwamba maonyesho yale yaliieneza. Basi na tuanze na jagi moja la nyumbani, kwa maana atakayeshindwa jagi hataweza mkutano.

Kwa lita mbili za chai baridi, chukua gramu 24 za majani makavu, ambazo ni karibu vijiko kumi vya chai vilivyosawazishwa. Jana yake usiku uwe umechemsha lita moja ya maji na kuiacha ipoe katika chombo chenye kifuniko. Sasa chemsha lita nyingine hadi itokote kwa nguvu, epua, tia majani, funika, na hesabu dakika tano kwa saa. Nasema kwa saa, si kwa kukisia. Desturi yetu ya kuyaacha majani yachemke jikoni mpaka chai iwe kama damu ya mzee inafaa kwa chai ya maziwa, kwa kuwa maziwa hushika ukali wake. Katika chai baridi hakuna maziwa, na kila dakika ya ziada huongeza tanini, yaani kile kitu kinachokausha ulimi na kukunja mashavu. Dakika tano zikitimia, chuja mara moja kwa chujio safi. Majani yasibaki ndani.

Sukari itiwe wakati huu, chai ikiwa bado ya moto. Katika maji baridi sukari hukaa chini ya jagi, wa kwanza akanywa uchungu na wa mwisho akala uji wa sukari. Gramu 100 kwa lita mbili zinatosha. Kipimo hicho ni gramu 5 katika kila mililita 100, na soda nyingi za kola huwa na gramu 10 hadi 11 katika kiasi hicho hicho. Kwa ajili ya wenye kisukari na wasiopenda utamu, njia bora ni kutotia sukari kabisa katika jagi, bali kutengeneza shira pembeni kwa kuyeyusha sukari katika maji ya moto, kila mtu akajitilia apendavyo.

Ukishachuja, changanya na ile lita ya maji yaliyochemshwa jana. Hapo chai itakuwa vuguvugu. Iache ipoe polepole, sufuria ikiwa imefunikwa na kuwekwa ndani ya beseni la maji ya kawaida, nawe ubadilishe maji ya beseni yakipata moto. Usiipeleke katika jokofu ikiwa ya moto, wala usiimiminie barafu. Kuna sababu mbili, moja ya macho na moja ya mfuko.

Ya macho ni kwamba chai nzito ikipozwa ghafla huingia ukungu, ikawa kama maji ya mto baada ya mvua. Wengi huimwaga wakidhani imeharibika. Haikuharibika. Tanini na kafeini, ambazo katika maji ya moto zinaelea kila moja peke yake, zikipata baridi ya ghafla hushikana na kufanya chembe ndogo zinazozuia mwanga. Kadiri chai ilivyo nzito na kadiri inavyopozwa haraka, ndivyo ukungu unavyozidi. Ukitokea, ongeza maji kidogo yanayochemka na koroga; mara nyingi hutakata. Majani nayo yana sehemu yake. Chai yetu ya dukani nyingi ni vumbi au punje ndogo sana, ambayo hutoa rangi upesi na ukali upesi. Ukipata chai ya punje kubwa zaidi, ile ambayo viwanda huiandika BP1, utapata kinywaji laini kuliko cha vumbi. Ukikosa, vumbi litafaa, ila punguza muda uwe dakika tatu.

Ya mfuko nitaieleza kirefu, kwa kuwa hapo ndipo mkaguzi anapoamka.

Tuchukue mkutano wa wanachama 120, kila mmoja bilauri mbili za mililita 250. Hizo ni lita 60. Kwa vipimo vya jagi letu zitahitajika gramu 720 za chai, kilo 3 za sukari, lita 30 za maji ya kuloweka majani na lita 30 za maji yaliyochemshwa jana. Gramu 720 za chai kavu zimetokana na kilo tatu na robo hivi za majani mabichi, na mwanachama wa tambarare afikirie vidole vya mwenzake wa mlimani kabla ya kuyamwaga. Katika ununuzi kitu kinachotusumbua si chai wala sukari. Ni barafu, na chama kisichopiga hesabu hununua mara tatu au nne ya kinachohitajika, au hununua pungufu na kuwapa wanachama chai ya vuguvugu.

Tuite kipimo kimoja cha joto kile kiasi kinachopandisha lita moja ya maji kwa digrii moja. Kilo moja ya barafu huhitaji vipimo 80 ili iyeyuke tu, bila hata kupata joto. Maji yake yakipanda kutoka digrii sifuri hadi digrii 10, ambao ni ubaridi mzuri wa kunywa, huchukua vipimo 10 zaidi. Kwa hiyo kila kilo ya barafu hubeba vipimo 90. Sasa tazama. Kama lita zako 60 zimetoka jikoni zikiwa na digrii 90, na unataka ziwe digrii 10, kila lita ina vipimo 80 vya kuondolewa, jumla 4,800. Gawanya kwa 90: unahitaji kilo 53 za barafu. Lakini kama uliiacha chai ikapoa yenyewe hadi digrii 30, kila lita ina vipimo 20 tu, jumla 1,200, nazo ni kilo 13 na kidogo. Tofauti ya kilo 40 imelipwa na upepo na beseni la maji, vitu visivyo na stakabadhi.

Kilo 13 ni za hesabu safi. Nyingine itayeyuka njiani na nyingine itapoza hewa ya ghala badala ya chai, hivyo nunueni 20. Na hiyo inayosafirishwa ifungwe vizuri. Mwaka 1833 Mmarekani Frederic Tudor alipeleka meli ya barafu kutoka Boston hadi Calcutta, safari ya miezi minne kupitia bahari za joto, na katika takriban tani 180 zilizopakiwa zilifika kama tani 100. Siri kubwa ilikuwa kuifungia baridi kwa vitu kama unga wa mbao. Sisi tuna pumba za mpunga na magunia ya katani ghalani. Weka barafu ndani ya mfuko safi usiopitisha maji, zungushia magunia mawili matatu makavu, fukia kwa pumba, weka kivulini. Kuifunika kwa turubai jeusi juani, kama nilivyoona ikifanywa katika chama kimoja nisichokitaja, ni kuipika.

Sasa nije katika jambo ambalo lingenifanya niandike somo hili hata kama soda zingekuwa za bure. Katika chai ya moto maji yamechemka, na aliyeandaa hata akiwa mzembe kidogo moto umemsaidia. Chai baridi haina msaidizi huyo. Baada ya kuchemka inapitia chombo, upawa, mkono, maji ya kuongezea na barafu, na popote hapo inaweza kuchafuka. Watu wengi huamini kwamba ubaridi unaua vijidudu. Hauui. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo vikigandishwa huweza kubaki hai ndani ya barafu, na barafu ikiyeyuka katika bilauri vinaamka pamoja nayo. Ndimu nayo isichukuliwe kuwa dawa. Kiasi kinachotiwa kwa ladha hakitoshi kusafisha maji machafu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi ya nchi yetu, na kinywaji kimoja cha mkutano wa watu 120 chaweza kupeleka ugonjwa katika nyumba 120 kwa jioni moja.

Kwa hiyo maji yote, ya kuloweka na ya kuongezea, yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja kamili. Wanaoishi juu ya meta 2,000 wangoje dakika tatu, kwa sababu huko maji hutokota kabla ya kufikia moto wa kutosha. Barafu ya mapande inayouzwa penye samaki haifai kuingia kinywani, kwa kuwa haikutengenezwa kwa nia hiyo na imeburutwa sakafuni. Hata barafu ya vifuko inayotoka katika majokofu ya majirani, katibu hajui maji yake yalitoka wapi. Ushauri wangu ni kwamba katika mkutano barafu isiingie katika chai hata kidogo. Chai itiwe katika madumu au ndoo safi zenye vifuniko, na vyombo hivyo viwekwe ndani ya pipa au karai lenye barafu na maji kidogo. Baridi itapita katika ukuta wa chombo, uchafu hautapita. Njia hii ina faida ya pili: chai haizimuliwi na barafu, bilauri ya mwisho ina ladha ya ile ya kwanza. Nyumbani, mwenye jokofu agandishe mwenyewe maji yaliyochemshwa, au agandishe chai yenyewe katika vikombe vidogo, kisha atumbukize mapande hayo katika jagi.

Vyombo. Hapa nawasihi Makatibu hasa. Maghala yetu yana madumu matupu ya viuatilifu, na madumu hayo ni mazuri kwa macho, yana vifuniko imara, na kila mara yupo mtu anayesema ameyaosha kwa sabuni na majivu. Dumu lililowahi kushika kiuatilifu halioshwi likawa la kinywaji, hata kwa maji ya moto, hata mara kumi. Plastiki imekwisha kunywa dawa na itairudisha. Madumu hayo yatobolewe na kukabidhiwa kwa utaratibu uliowekwa, yasiazimwe kwa mikutano, harusi wala misiba. Kwa chai tumieni madumu yaliyokuwa ya mafuta ya kula au maji, au ndoo zenye koki, ambazo ni bora kuliko zote kwa kuwa hakuna anayetumbukiza kikombe. Sufuria ya chuma kitupu iepukwe pia, si kwa sumu, bali tanini ikikutana na chuma chai huwa nyeusi kama wino na ladha yake ni ya msumari.

Wako wanaoweka chupa ya maji na majani juani asubuhi hadi jioni, wakasema jua limepika chai. Marekani njia hii imependwa sana. Jua halichemshi maji. Linayapasha vuguvugu, joto ambalo vijidudu hulipenda. Msiifuate.

Ratiba ya mkutano wa saa tatu iwe hivi: maji ya kuongezea yachemshwe jana jioni, majani yalowekwe saa kumi na moja alfajiri, sufuria zikae katika maji ya kawaida hadi saa mbili, na barafu iwekwe pembeni ya madumu saa tatu. Saa tano bilauri ya kwanza itolewe, kabla ya watu kuanza kuinuka, na ya pili saa saba, mwenyekiti anapoingia katika makisio. Ikitolewa yote saa sita pamoja na chakula, nusu ya faida imepotea. Tena chai huzuia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Wajawazito na akina mama wenye upungufu wa damu ni vyema wainywe mbali na chakula kwa saa moja au mbili. Maji ya kunywa matupu, yaliyochemshwa, yawepo wakati wote kwa wasiotaka chai.

Wasio na barafu wasikate tamaa. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi, ukiwekwa kivulini penye upepo, hupoza kwa sababu maji yanayopenya ukutani mwake hukauka, na lita moja ya maji ikikauka huondoka na zaidi ya vipimo 500 vya joto, mara sita ya barafu inayoyeyuka. Chai isitiwe ndani ya mtungi, itauachia harufu. Weka chai katika chupa zilizofungwa, chupa ndani ya mtungi wenye maji, nje zungushia gunia bichi. Handeni, penye hewa kavu, utapata ubaridi wa kuridhisha. Pangani, penye unyevu wa bahari, utapata nusu yake.

Ladha ni shauri la kila nyumba. Ndimu au limau hukamuliwa mwishoni, chai ikiwa imepoa, na msishangae rangi ikififia, ndiyo tabia ya chai ikikutana na ukali. Tangawizi, mchaichai na mnanaa vichemshwe pamoja na maji kabla ya majani kutiwa, maana vikitumbukizwa vibichi katika chai baridi vinaleta tena yale tuliyoyachemsha yakatoka. Iliki ninaipenda mimi, wengine hawaipendi.

Maziwa yasiingie.

Kuhusu vitabu. Chai, sukari, barafu, kuni au mkaa na malipo ya aliyepika viandikwe kila kimoja katika mstari wake, chini ya fungu la mkutano lililopitishwa katika makisio, si kwa neno moja la "viburudisho" ambalo mkaguzi hulizungushia kalamu nyekundu. Muuza barafu asiye na kitabu cha stakabadhi asaini hati ya malipo mbele ya mjumbe mmoja wa Bodi, na uzito uandikwe, kwa kuwa bei hutajwa kwa kilo na barafu haitakuwepo tena siku ya ukaguzi. Mwanachama akitoa ndimu au kuni bure, ziingizwe katika daftari kama zawadi pamoja na thamani yake, ili mwaka ujao anayepanga makisio asidhani zilikuwa hazihitajiki. Chai itakayobaki jioni imwagwe, isilazwe kwa kikao cha Bodi cha kesho. Majani yaliyochujwa, ambayo kwa mkutano wetu wa watu 120 yatajaza ndoo ndogo, apewe mwenye bustani aliye karibu ayachanganye na mboji.